Mwaka wa Kadi ya Yasini

Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa macho. Sikwenda kwa kupenda. Nilikuwa nimezoea kuisogeza simu mbali na uso ili nisome ujumbe, nikaisogeza na kuisogeza mpaka mkono ukaisha. Pale kliniki, hapa Amu mjini, nilimkuta mzee mwenye kofia nyeupe na ndevu nyeupe zaidi, ameegemea bakora yake kwenye benchi, na kabla sijatoa salamu akapaza sauti ili benchi zima lisikie: "Yeo zamu yako, Bi Zena! Soma na wewe tukuone!" Sauti niliijua kabla ya uso. Alikuwa Bwana Omari wa Siyu, mwenye punda, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Tulicheka mpaka muuguzi akatoka kuuliza kuna nini. Mama mmoja aliyekaa kando yetu akataka naye aelezwe, nami nikamwambia ni habari ndefu, haitoshi kwa foleni ya kliniki. Niliporudi nyumbani na miwani mipya puani, niliona bora niiandike. Tunaoijua yote tumebaki wawili tu, na Bwana Omari akiachiwa aisimulie peke yake, punda wake ndiye atakayekuwa shujaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijiona najua kila kitu. Kulikuwa na mradi wa macho, na msimamizi wake alikuwa Bwana Athmani, tabibu wa makamo aliyependa karatasi zilizonyooka na watu wasiomchelewesha. Aliniajiri kwa sababu tatu, na zote alinitajia usoni: nimemaliza kidato cha nne, sitapiki baharini, na mwandiko wangu ni mzuri, wa herufi za Kizungu na za Kiarabu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ningekaa Siyu mwaka mzima, na kutoka Siyu ningezunguka vijiji vya kisiwa cha Pate na visiwa vya jirani, nikiwapima wazee macho na kuandika majina ya wenye mtoto wa jicho. Mwisho wa mwaka daktari wa upasuaji angekuja Amu kwa siku chache, na boti ya mradi ingepita kuwachukua walioandikwa, hao tu. Ambaye jina lake halimo angebaki kungoja daktari mwingine, na hakuna aliyejua huyo mwingine angekuja lini. Bwana Athmani alinieleza hayo akigonga meza kwa kalamu, nami nikaitikia kila neno, na nilichokuwa nikiwaza ni kwamba hatimaye nitasafiri peke yangu.

Watu wa Amu waliposikia ninakwenda Siyu walinipa pole. Mashua ya abiria ilinishusha gatini Mtangawanda, na hapo ndipo nilipokutana na Bwana Omari, wakati huo kijana wa ndevu nyeusi, na punda wake wawili: mmoja wa mizigo na mmoja wangu mimi. Njia ilikuwa nyeupe na ya moto. Mwaka ule vuli ilikuwa imekosa na masika yakapita kwa haraka, ardhi imepasuka, vichaka vya miiba vimegeuka rangi ya vumbi, na hata minazi ilikuwa na majani ya manjano. Jabia la karibu na msikiti, lile birika kubwa la kukingia mvua, lilikuwa limeanza kuonyesha sakafu yake. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, na chai yake ukiionja kabla ya sukari unaijua. Jioni ile niliandika barua kumwomba Bwana Athmani anihamishie Faza. Sikuipeleka kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuipeleka, na mashua ya pili ilipokuja nilikuwa nimeshabadili mawazo kwa sababu ya chumba na chakula.

Chumba kilikuwa ghorofani katika nyumba ya Bi Mwanaesha, nyumba ya mawe ya zamani yenye kuta nene ambazo mchana wote hazikujua kama nje kuna jua. Ukuta wa kitandani ulikuwa na safu za vidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu, na kila kimoja nilikipa kazi: tochi, daftari, poda, kadi zangu za kupimia, na cha chini kabisa viatu. Dirishani niliona kuta za nyumba zilizoanguka mapaa zamani, na mbuzi wakipita vyumba vya watu bila kubisha hodi. Kutoka chumba kile ndipo nilipokuwa nikianza safari zote. Wiki hii Mbwajumali kwa miguu, wiki ijayo Pate kwa punda, baadaye Ndau, ambako unangoja maji yajae ndipo upande mashua, na ukikosea saa unalala ulipo. Tangu hapo nimelala hoteli kadhaa zenye mashuka yaliyopigwa pasi, lakini hakuna iliyonipa nilichokipata pale, yaani kurudi na kukuta kwamba kuna mtu alikuwa amekuhesabu. Bi Mwanaesha alikuwa akijua siku yangu ya kurudi kuliko mimi. Nikifika nakuta maji ya kuoshea miguu, kidogo lakini yapo, na sinia chini ya kawa: mkate wa mofa bado wa moto, papa wa nazi, na achari ya embe ambayo kwa sababu yake nimeshagombana na watu. Kabla sijakaa huulizwa lile lile: "Ndiani kulikuwaye?" Naye akitaka jibu kamili, nani niliyemkuta, alivaa nini, alinipa nini nikala.

Bi Mwanaesha alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, msafi wa kupindukia, na alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Asubuhi watoto walijaa dakani, pale kwenye baraza la mlango mkubwa, na juzuu zao, wakasoma kila mmoja kwa sauti yake mpaka mgeni asingesikia chochote ila kelele. Yeye alisikia. Alikuwa ndani akikuna nazi, na katikati ya kelele ile akaita, "Aisha, rudi nyuma, umemeza herufi!" Na kweli Aisha alikuwa ameimeza. Nilimwonea fahari. Nilijiambia, huyu ndiye mwalimu hasa, hana haja hata ya kushika kitabu. Alikuwa pia na taratibu zake. Kila kitu jikoni kilikuwa na mahali pake, na siku niliyolisogeza birika la chai kutoka kulia kwenda kushoto aligomba kama nimemwuza mbuzi wake. Na akimimina chai, aliingiza ncha ya kidole kwenye ukingo wa kikombe. Nikadhani ni adabu ya kikale ya watu wa Siyu. Nikamwiga, nikaungua kidole, na sikujiuliza kitu. Mimi mpima macho nilikaa nyumba ile miezi na macho yangu mwenyewe hayakuona.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mradi ulitupa kadi yenye herufi moja tu, ile E, imeandikwa mara nyingi, kubwa juu na ndogo chini, miguu yake ikitazama huku na huku. Mzee anatakiwa aonyeshe kwa vidole inatazama upande gani. Siku ya kwanza mzee mmoja wa Siyu aliinuka akakung'uta kikoi chake. "Mwanangu," akasema, "mimi nina wajukuu. Wataka nikae mbee za watu nikiteza vidole?" Akaenda zake, na wengine wakamfuata. Usiku ule nilipata fikra ambayo niliiona ni ya akili sana. Wazee hawa herufi za Kizungu hawazitaki, lakini za Kiarabu wanazisoma tangu utotoni. Basi nikachukua kadi nyeupe nikaandika mwanzo wa Yasini kwa mwandiko wangu mzuri, mstari wa juu herufi kubwa, kila mstari ukipungua, wa mwisho mdogo kabisa. Niliandika siku nzima. Hakuna kadi ya macho iliyowahi kupendeza kama ile.

Na watu walikuja. Wanawake walitia udhu kwanza, mwaka ule wa shida ya maji, kwa sababu hawasomi maneno yale bila udhu. Nilisimama mwisho wa kamba yangu ya kupimia nikainua kadi, nao wakasoma mmoja mmoja, kwa sauti nzuri, kwa mahadhi, mpaka machozi yalinitoka. Walisoma mstari wa juu na wakasoma mstari wa chini. Kila jina nikaandika mbele yake: mzima. Bi Mwanaesha alisoma mwisho, akiwa mwenye nyumba. Alisoma kadi yote na akaendelea mbele, aya baada ya aya, mpaka ikanibidi niseme, "Bi, kadi imekwisha." Akaacha, akajitengeneza mtandio. Nami, Mungu anisamehe, nilidhani ni uchamungu tu. Nikaandika: mzima.

Kadi ile nilizunguka nayo nusu mwaka. Ndau waliisoma, Pate waliisoma. Majina ya wagonjwa niliyoyapata yalikuwa ya watu wachache tu, wale walioona haya kusoma mbele za wengine. Bwana Athmani aliniandikia barua ya sifa, akasema watu wa visiwa vya kaskazini wameruzukiwa macho, labda ni samaki, na kwamba kwa kuwa Siyu hakuna hata mgonjwa mmoja, boti haitapita Siyu. Barua hiyo niliiweka kwenye kidaka cha juu, mahali pa heshima.

Kisha mimi na Bwana Omari tukaenda Mbwajumali mara ya pili, kuwapima waliokuwa shambani mara ya kwanza. Mjukuu alimleta babu yake amemshika mkono, akamkalisha. Mzee akaomba kadi aishike mwenyewe, nami nikampa kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima. Akaanza kusoma. Alikuwa na sauti ambayo ungependa isiishe. Nilikuwa nimeshaweka kalamu kwenye daftari niliposikia Bwana Omari ananinong'oneza sikioni, "Bi Zena, mbona kadi imesimama kwa kitwa?" Nikatazama. Mzee alikuwa ameishika kadi juu chini. Aliisoma vizuri mno, herufi kwa herufi, mpaka mwisho, na macho yake yalikuwa yakitazama mnazi. Sikumkatiza, nani anamkatiza mtu anayesoma Yasini? Lakini pale pale nilielewa nilichokifanya. Nilikuwa nimewapa watu wasome kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anayehitaji macho ili akisome. Kila mtu katika visiwa vile anakijua tangu hajaota meno ya pili.

Njiani Bwana Omari alicheka mpaka akamshikilia punda asianguke. "Hata huyu punda," akasema, "angekuwa na ulimi ungemwandika mzima." Alipoona sicheki, akaacha. Nilikuwa nalia, na si kwa haya tu. Nilikuwa nikikumbuka mmoja mmoja. Yule bibi wa Ndau aliyekanyaga sahani. Yule bwana wa Pate aliyemsalimu mbuzi niliyepewa zawadi, akidhani ni mtu. Na ghafla nikakumbuka kidole kwenye ukingo wa kikombe, birika lililosogezwa, na sauti iliyoendelea kusoma wakati kadi imekwisha. Nikamwambia Bwana Omari, "Bi Mwanaesha haoni." Akamrekebishia punda kamba yake. "Mimi ni mtu wa punda, Bi Zena," akasema. "Mambo ya nyumba za watu siyasemi." Nikajua kwamba alikuwa akijua.

Nilikwenda Amu kwa mashua ya kwanza. Niliogopa kufukuzwa, lakini niliogopa zaidi ile boti isiyopita Siyu. Bwana Athmani alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa hivyo, Zena, wataka nimwandikie daktari kwamba watu wa Pate wote wamepofuka mwezi huu?" Nikasema, "Mwandikie kwamba mpimaji wake ni mpumbavu." Nikaona mdomo unamcheza. Akauliza kama kweli wanawake walitia udhu. Nikasema ndiyo, wote. Akageukia dirisha, mabega yakamtikisika, na alipogeuka alikuwa tena msimamizi. Akanipa wiki nne. Orodha ingefungwa siku ya mwisho ya wiki hizo, na baada ya hapo hata yeye asingeweza kuongeza jina.

Kadi mpya tulizitunga njiani, mimi na Bwana Omari, kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Sharti lilikuwa moja: yawe maneno ambayo tangu dunia iumbwe hakuna aliyepata kuyahifadhi. Kadi ya kwanza iliandikwa, "Punda wa Omari amekula kilemba cha bwana harusi." Bwana Omari aliteta, akasema punda wake ana adabu zake, lakini alikubali kwa ajili ya kazi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Ukisoma hapa, nidai halua." Mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Sikuwa na haja ya kuuliza. Mwenye kuona alisoma, akacheka. Asiyeona alinyamaza, au alicheka baadaye kidogo, baada ya wenzake, na huyo jina lake nikaliandika. Tatizo ni kwamba kufikia adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kinajua habari za kilemba, kwa hivyo nikatengeneza ya pili, "Paka wa Faza amevaa viatu, anakwenda kuposa," na ya tatu ya kuku aliyegoma kutaga mpaka aletewe chai. Nilikimbia visiwa vyote na kadi zangu tatu na sanduku la halua, nikila vumbi, nikilala nilipofikia, na Siyu nikaiacha mwisho kwa sababu niliogopa.

Bi Mwanaesha hakutaka. "Mato yangu mazima," alisema. "Si ulinipima mwenyewe? Si uliandika?" Nikamwambia nawapima upya watu wote. Akasema basi nianze na wote, yeye ana nazi ya kukuna. Lakini upimaji ulifanywa dakani kwake, na wanawake walikuja, mama zao wale watoto wa chuoni, wakasoma kadi ya kwanza na kucheka, wakamwita, "Mwalimu, ndoo usome na wewe, Omari ametuaibishia punda wake!" Asingeweza kukataa mbele yao. Akatoka akifuta mikono, akakaa mahali pake. Nilimpa kadi ya pili. Aliishika sawasawa, akainyanyua, akanyamaza kama anavyonyamaza msomaji, kisha akasema kwa sauti yake ile safi, "Punda wa Omari mekula kilemba cha bwana arusi," na akacheka. Wanawake waliokaa nyuma yake walikuwa wakitazama kadi juu ya bega lake, na kadi ilikuwa na paka.

Nilijua kazi yangu inataka niseme nini, na sikuweza kulisema, si pale, mbele ya watu aliowafundisha wao na watoto wao. Nikasema, "Naam, Bi. Umesoma." Na mama yake Aisha, aliyekuwa karibu, akasema, "Mashallah, mwalimu," akamtengenezea mtandio begani ingawa haukuwa umeharibika. Wengine wakaanza kuzungumza habari ya jabia, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Bi Mwanaesha akanirudishia kadi, akaingia ndani. Siku ile hakuniuliza njiani kulikuwaje. Sikula, na yeye hakula.

Asubuhi yake niliteremka nikamkuta ameshakaa mkekani, mapema kuliko kawaida, mgongo wima, mikono magotini. Sikuhitaji kuambiwa anangoja nini. Mwalimu asiyeona herufi, nani atampelekea mtoto? Palikuwa na chuo kingine upande wa pili wa mji, cha kijana aliyesoma mbali na mwenye macho mawili makali. Nilikaa kwenye ngazi. Akaja Aisha, akasalimu. Wakaja wawili mtu na nduguye, wakigombana. Nilimwona Bi Mwanaesha akikunja vidole kimoja kimoja kwa kila sauti iliyoingia. Vidole vikaisha akaanza upya. Hata mdogo mmoja aliyekuwa na tetekuwanga aliletwa, mama yake akamkalisha mbali na wenzake na kusema ataudhika akikosa somo. Walipotimia wote, Bi Mwanaesha akashusha pumzi, akawaambia waanze, na asubuhi ile hakurekebisha herufi ya mtu yeyote.

Walipoondoka alisema, bila kunigeukia, "Wayua."

"Nani, Bi?"

"Wote. Wayua tangu zamani, na wamewaeta watoto."

Nikaenda nikakaa mkekani naye. Nikaona nisimfundishe kitu, nimwambie yangu kwanza: kwamba nilikosea nusu mwaka, kwamba mtu kipofu wa Mbwajumali alisoma kadi yangu juu chini na mimi nikataka kumwandika mzima, kwamba nyumba yake nimelala na chai yake nimekunywa na sikuona. Alisikiliza. Kwenye kadi ya juu chini alicheka kidogo, kwa pua. "Basi tumedanganyana sote wawili," akasema. Kisha akaniambia kilichokuwa kikimzuia, na hakikuwa kile nilichodhani. Haya ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. "Sasa hivi, asubuhi, naona mwanga wa mlango," akasema. "Nikikaa hapa nayua mlango uko wapi, na mtoto akipita naona kivuli. Ndicho nilichosaliwa nacho. Na wakitia kisu wakanitolea na hicho?" Mwaka mzima nilikuwa nimewajibu watu kila walichouliza, na nilichokuwa sikijui nilikitunga. Nilimwambia, "Sijui, Bi. Wengi wanaona. Wako ambao hawaoni. Sijui wewe utakuwa yupi." Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata. Akasema, "Andika. Lakini utanipeka wewe, si mtu mwengine. Siku zote hizi u ndiani na hukupotea. Na wewe naweza kuya mpaka Amu."

Boti ilipita Siyu. Maji yalijaa asubuhi na watu wa orodha walikuwa wamejipanga na mabunda yao, yule bwana aliyekataa kucheza vidole akiwa wa mbele. Bi Mwanaesha aliwaaga wanafunzi wake akisema anakwenda Amu kutafuta juzuu mpya, na yule mwenye tetekuwanga, aliyekuwa amepona, akamwambia kwa sauti ya chuoni, "Mungu akupe mato, Bi!" Mama zao wakamziba mdomo, lakini yeye Bi Mwanaesha alikuwa ameshacheka. Alinishika mkono tangu Siyu mpaka Amu. Hakuuliza tumefika wapi. Alisoma kwa ndani, midomo ikimcheza, na kila boti ilipopiga wimbi vidole vyake viliingia kwenye nyama yangu, nami nikamwambia tunakwenda vizuri kwa sauti ya mtu aliyewahi kupeleka watu mia.

Walimpasua jicho la kulia. Usiku alilala amefungwa kitambaa, mimi nikakaa chini kando ya kitanda, na asubuhi muuguzi akaja na beseni lake, akaanza kwa kitanda cha mlangoni. Tulisikia mtu akisema Allahu Akbar, na mwingine akilia, na hatukujua analia kwa nini. Zamu yake ilipofika, Bi Mwanaesha alisema ngoja, akasoma kitu kifupi, kisha akasema haya. Kitambaa kikatoka. Alipepesa, machozi yakamtoka, akapepesa tena. Hakutazama chumba. Aliomba mus-hafu. Nikampa, akaufungua katikati, pasipochaguliwa, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma. Mtu aliyekuwa akisoma mbio kama maji, sasa alisoma taratibu, herufi baada ya herufi, kama mtoto wa mwezi wa kwanza chuoni, kwa sababu safari hii alikuwa anasoma kweli. Alifika mwisho wa mstari, akaufunga, akaubusu.

Kisha akainua uso, akauliza, "Zena yuko wapi?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, karibu ya kuguswa. Nikasema, "Niko hapa, Bi." Akanitazama, akanipita, akatazama nyuma ya bega langu kama kuna mtu mwingine amesimama huko, mtu mkubwa zaidi. Hakumwona. Akarudi kwangu.

"Ni wewe? Una miaka mingapi, mwanangu?"

Nikamwambia. Akaweka mkono kifuani.

"Na sauti hiyo! Mimi nilidhani u mtu mzima, umeolewa ukawatwa na mumeo, ndipo wakakupa ruhusa ya kuzunguka nti zote hizi peke yako. Kuuliza naona haya. Kumbe mtoto!" Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akicheka, jicho lake jipya limejaa machozi. "Alhamdulillahi, Bi Zena. Kama ngekuona, singekuya."